Jina lake nani? Magazeti yetu na habari za vita

(Haya niliyasema Tanga, mbele ya kikundi chetu cha kusoma, pamoja na wanafunzi wa sekondari waliokuja na walimu wao. Kuna waliokosa nafasi wakaomba niyaweke yote, basi haya hapa, nimetoa tu pale nilipokuwa nakohoa.)

Wazee wangu shikamooni. Kina mama shikamooni pia. Vijana mambo vipi. Nimeambiwa nina nusu saa na mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa yake kabla sijafungua mdomo, hivo naingia moja kwa moja.

Nikikupa gazeti la wakati wa vita, gazeti lolote, la nchi yoyote, utaangalia nini kwanza? Wengi mtaangalia nani kashinda. Wengine picha. Mimi naangalia majina. Naangalia nani kaandikwa kwa jina na nani kaandikwa kwa idadi, kwa sababu kwa miaka niliyokaa meza ya habari nimegundua kwamba uongo wa waziwazi kwenye magazeti ni mchache kuliko mnavodhani, mhariri anauogopa uongo maana una tabia ya kumrudia, lakini kunyamaza hakumrudii mtu. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa jina ambalo hakuliandika. Kwa hiyo leo nawaomba mnisaidie kuuliza swali moja tu kila tukifungua ukurasa: huyu askari, jina lake nani?

Tuanzie hapa hapa tulipokaa.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Mwingereza zilitokeza hapo nje ya bandari yetu. Zilibeba kama watu 8,000, wengi wao askari wa kutoka India, wametapika baharini wiki mbili na zaidi, na kamanda wao Jenerali Aitken alikuwa ameshajiaminisha kwamba mji utachukuliwa kabla chai haijapoa. Upande wa Mjerumani alikuwepo von Lettow-Vorbeck na watu kama 1,000 hivi, na wengi kati ya hao ni askari weusi. Tarehe 4 wakapigana mle kwenye mashamba na mpaka mitaani, tarehe 5 Mwingereza akarudi melini, akaacha nyuma bunduki 455, bombomu 16, yaani bunduki za rashasha, na risasi laki sita. Laki sita! Von Lettow alizitumia hizo hizo kuendelea na vita. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe waliuawa 360 na waliojeruhiwa ni karibu 500, na upande wa pili waliokufa ni kama 70 tu.

Sasa niambieni, gazeti la London liliandikaje?

Halikuandika. Serikali ya Uingereza iliificha habari ya Tanga kwa miezi. Raia wa kule anafungua gazeti lake asubuhi, anasoma habari za Ufaransa, anasoma bei ya ngano, hajui kwamba jeshi la mfalme wake limefukuzwa kutoka mji ambao hata kwenye ramani hauoni. Na habari ilipoanza kuvuja, unajua nini kilipendwa? Nyuki! Nyuki walikuwepo kweli siku ile, risasi zilipiga makazi yao kwenye miti wakatoka na hasira zao na wakauma watu wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Lakini hadithi iliyosambaa ni kwamba Mjerumani aliwatega makusudi, mara kuna kamba zimefungwa, mara wamefundishwa. Nyuki wamefundishwa! Jeshi likishindwa na nyuki wa kichawi si aibu sana, likishindwa na askari wa Kinyamwezi na wa Kisukuma waliojua kulenga shabaha hiyo ni habari nyingine kabisa, na hiyo habari nyingine ndo haikuandikwa. Aitken tunamjua jina. Von Lettow tunamjua mpaka farasi wake. Wale waliozuia njia ya kuingia mjini, majina yao nani?

Mtasema basi magazeti ya huku je? Yalikuwepo. Dar es Salaam kulikuwa na gazeti la Kijerumani la walowezi tangu 1899. Na hapa Tanga, kwenye shule ya serikali, lilichapishwa Kiongozi, gazeti la Kiswahili, tangu 1904 hivi mpaka Mjerumani alipokimbia 1916, na wengi wa walioliandikia ni walimu na makarani, watu wetu kabisa. Lakini mwenye mashine ni serikali, mwenye karatasi ni serikali, mwenye mshahara wa mwalimu ni serikali. Mwalimu wa Tanga wa mwaka 1914 angeandika nini zaidi ya alichoruhusiwa? Mimi simlaumu, na nyie vijana msimlaumu haraka haraka mkiwa mmekaa na simu zenu mkononi.

Ila msiniambie kwamba sisi hatukuwa na desturi ya kuripoti vita. Kabla ya mashine ya kupiga chapa kulikuwa na utenzi. Hemedi bin Abdallah, mtu wa pwani hii hii, alitunga utenzi mrefu juu ya Wajerumani walivyoingia Mrima na vita ya Abushiri ya 1888 na 1889, na humo watu wana majina, wana maneno yao, unajua nani alisema nini na nani alimjibu nini. Utenzi una upande wake, una chumvi yake, sikatai. Lakini mtu akifa kwenye utenzi anakufa na jina lake.

Twende Malawi, zamani Nyasaland. Hii stori naipenda sana na nitakaa nayo kidogo.

Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga, kule kaskazini juu ya ziwa, Waafrika wakafa pande zote mbili. Kulikuwa na mchungaji anaitwa John Chilembwe, alisoma Marekani, ana misheni yake Chiradzulu, mtu wa suti na kofia, mtu wa vitabu. Huyu bwana alikaa chini akaandika barua kwa mhariri. Si hotuba ya kificho, si karatasi ya usiku. Barua kwa mhariri wa Nyasaland Times, gazeti la walowezi! Akauliza kwa Kiingereza safi kabisa: wakati wa amani kila kitu ni cha Wazungu peke yao, sasa vita imekuja ndo tunaonekana tunafaa kumwaga damu sawasawa nao? Akasema waende wenye mali, waende wenye benki, waende wenye vyeo na maduka na mashamba, wakapigwe risasi wao. Hapo chini hakusaini kama mtu binafsi tu, aliweka jina lake kwa niaba ya wananchi wenzake.

Na sasa sikilizeni kilichotokea. Mhariri aliiweka. Iliingia kwenye gazeti la tarehe 26 Novemba 1914, wiki tatu tu baada ya Tanga yetu hii. Mdhibiti wa serikali alipoiona, toleo zima likaondolewa. Zima! Na bei za mazao, na matangazo ya duka, na habari za harusi za walowezi, vyote vikaondoka kwa ajili ya barua moja. Mnaona uzito wake? Barua moja ya msomaji ilionekana ni hatari kuliko mizinga ya Karonga.

Januari 1915 Chilembwe akaanzisha uasi, na tarehe 3 Februari akauawa. Leo uso wake uko kwenye noti za Malawi. Mimi sisemi barua ingeachwa isomwe basi uasi usingetokea, historia haiendi kirahisi hivyo. Nasema tu kwamba yule mtu alijaribu ukurasa wa barua kabla hajajaribu bunduki.

Vita ile ilipoendelea watu waliokufa wengi zaidi huku kwetu hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kubeba. Wapagazi, Carrier Corps, wale waliotuachia jina la Kariakoo. Kuhara, malaria, njaa, mzigo kichwani kutoka huku mpaka Ruvuma. Upande wa Mwingereza peke yake wanahesabiwa makumi kwa makumi ya maelfu waliofia njiani, na gazeti gani liliwaandika? Mzungu akifa anaandikwa jina, cheo, kikosi, na baba yake ni nani. Mpagazi akifa hata ile idadi yake ni ya kukadiria. Tena gazeti linapenda mapigano, linapenda mlio, kuhara hakuna mlio.

Mmeshapita Dar pale kwenye sanamu ya Askari, Posta? Wangapi mmesimama mkasoma maandishi yake? Naona mikono miwili, mitatu. Iliwekwa 1927 na ina wenzake Nairobi na Mombasa. Maandishi yanawashukuru askari wenyeji na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, halafu yanasema ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Haya. Zunguka sanamu yote, mbele na nyuma, tafuta hilo jina moja la kukumbuka. Hakuna! Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza wasiopungua 116,000, pengine mpaka 350,000, hawakuandikwa majina yao kabisa au hawakukumbukwa popote, na wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Miaka mia na ushee imepita.

Vita ya pili ilikuwa tofauti kidogo, na hapa nataka kuwa mkweli, magazeti yalibadilika. Serikali ilikuwa imejifunza kwamba askari anayesoma anataka kusoma. Mambo Leo lilikuwepo Dar tangu 1923, kila mwezi, babu zenu wengi walijifunzia kusoma humo. Nairobi likaanza Baraza mwaka 1939, la Kiswahili, mhariri wake Francis Khamisi. Jeshi nalo likawa na magazeti yake ya askari, Askari na Heshima. Kutoka Tanganyika peke yake walienda watu kama 87,000. Wakapigana Abisinia, Madagaska, kisha Burma, kwenye bonde la Kabaw, mvua za masika za kule haziishi, matope yanafika kiunoni, begani wana alama ya kichwa cha kifaru.

Na magazeti yale yalisemaje? Ushindi, ushindi, ushindi, askari wanacheka kwenye picha, askari wanapokea sigara. Lakini ukitaka ukweli wa vita ile usisome ukurasa wa mbele, soma barua. Askari walikuwa wanaandika kwa Baraza, na humo ndo unawasikia wenyewe, huyu analalamika mshahara, huyu ana wasiwasi na mke aliyemwacha nyumbani, huyu anauliza tukirudi tutapewa nini. Barua zilipita kwa mkaguzi, sawa, mambo mengi yalikatwa. Lakini mkaguzi alikuwa anatafuta siri za jeshi na uchochezi, malalamiko ya mke na mshahara hayakumshtua sana, yakapita. Jina likapita nalo. Kwa hiyo ukurasa ambao wahariri wengi wanauona wa kujazia nafasi ndo umebeba watu wetu mpaka leo.

Ila kuna ambacho hakikupita. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa na msafara wake kuelekea Colombo. Ndani kuna askari wa mizinga wa Afrika Mashariki kwa mamia, kuna manesi, kuna mabaharia. Tarehe 12 mchana, karibu na visiwa vya Maldives, baadhi ya abiria walikuwa wamekusanyika wanasikiliza muziki, nyambizi ya Mjapani ikapiga torpedo mbili. Meli ilizama chini ya dakika mbili. Dakika mbili, jamani, hata kutoka kwenye chumba hiki sisi wote hatuwezi. Walikufa 1,297.

Wakati wa vita kuzama kwa meli ya jeshi hakutangazwi, adui asijue kafanikiwa kiasi gani, na kwa hilo hata mimi ningekuwa mhariri ningefunga mdomo. Lakini fikiria mama wa kijijini kwake. Mwezi huu hakuna barua. Mwezi ujao hakuna barua. Gazeti linafika kwa mwalimu, mwalimu analisoma kwa sauti chini ya mti, tumeshinda huku, tumeshinda kule, na mwanawe hayumo kwenye ushindi na hayumo kwenye msiba. Na vita ilipoisha, wangapi walirudi wakaandika habari ya meli ile kwa Kiswahili? Walimu mliopo hapa, mmeshawahi kuifundisha? Mimi sikufundishwa.

Haya. Mpaka hapo mnapiga makofi kwa sababu wa kulaumiwa ni mkoloni. Sasa tuje nyumbani, tuone kama mtaendelea kupiga.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Redio Uganda ikatangaza kwamba eneo lote limetekwa kwa dakika 25, rekodi ya dunia. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia taifa, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, wazee mnayajua yale maneno kwa moyo. Amin naye akapendekeza wamalizane ulingoni yeye na Nyerere, refa awe Muhammad Ali! Na magazeti ya nje yakaipenda hiyo ya ndondi, dunia ikacheka. Wakati dunia inacheka kiwanda cha sukari cha Kagera kinaporwa, ng'ombe wanaswagwa kuvuka mpaka, na raia waliouawa kule wanakadiriwa kufika 1,500. Mnakumbuka jina la hata mmoja wa hao? Ndondi tunaikumbuka.

Huku kwetu tulikuwa na Uhuru na Mzalendo ya chama, Daily News na Sunday News ya serikali, na redio moja. Sauti ni moja. Mimi sina shida na gazeti kuwa upande wa nchi yake ikivamiwa, nani asingekuwa upande wa nchi yake? "Nduli Amin" lilikuwa kama jina lake la ubatizo na hakuna aliyemwonea huruma. Lakini angalia vita ilivyosogea. Januari 1979 vijana wetu wako Mutukula. Februari wako Masaka na Mbarara. Machi wanapigana Lukaya, na Walibya wako upande wa pili. Aprili Kampala. Na kwa sehemu kubwa ya muda huo msimamo rasmi ulikuwa kwamba wanaopigana ndani ya Uganda ni Waganda wenyewe waliomkimbia Amin! Wakombozi walikuwepo, kweli, na tarehe 11 Aprili aliyetangaza kwenye redio ya Kampala kwamba mji umeanguka ni Oyite-Ojok, Mganda. Lakini waliotembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka pale, na roketi zao za "saba saba" zinaunguruma nyuma, wengi ni watoto wa nyumba hii.

Sababu ya kisiasa ilikuwepo, Umoja wa Afrika ule wa zamani haukutaka kusikia nchi moja inaiondoa serikali ya nchi nyingine, naelewa. Ila angalia bei yake. Askari wetu yuko Masaka, gazeti la nchi yake linasema hayuko Masaka. Akifa, kafia wapi?

Na kuna hesabu moja inayotajwa sana, kwamba askari wetu waliokufa kwenye vita ile ni 373, na katika hao hata mia hawafiki waliouawa kwenye mapigano yenyewe, wengi ni ajali na mambo mengine. Ajali za magari! Huyo naye ni askari wa vita. Huyo naye mama yake alimsubiri. Lakini ukurasa wa mbele hauna nafasi ya lori lililopinduka. Wale waliolala Kaboya, kule Muleba, wana makaburi yao na taifa linakwenda kuwakumbuka, hilo ni jambo zuri na mkoloni hakulifanya. Lakini nyie waandishi vijana mliokaa huku mbele, ni wangapi mmeshaenda Kaboya mkapiga picha jina moja, mkatafuta ukoo wake, mkaandika kurasa mbili tu juu ya mtu mmoja? Mnaenda siku ya Mashujaa mnaandika mgeni rasmi alisema nini!

Siku moja tulifanya vizuri, na lazima niseme. Desemba 2017, kambi ya askari wetu wa kulinda amani kule Semuliki, Beni, Kongo, ilishambuliwa, wakauawa 14 kwa siku moja. Majina yakatoka. Vyeo vikatoka. Picha zikatoka, nyuso za vijana, na watu tuliosoma tulikuwa tunaulizana huyu ni wa wapi, huyu si yule aliyesoma na fulani. Hakuna siri ya jeshi iliyoharibika. Hakuna adui aliyenufaika. Nchi ililia watu inaowajua.

Sasa mtu ataniambia zama zimebadilika, siku hizi simu inatoa vita nzima kwenye magrupu kabla mhariri hajaamka. Kweli, inatoa. Tena inatoa maiti bila nguo, bila jina, na chini yake watu wanagombana ni ya Goma au ya Sudan, na kumbe pengine ni ya miaka kumi iliyopita. Picha elfu, jina hakuna! Ripota wa leo ana kazi ile ile, tena ngumu zaidi, maana yule wa 1914 alizuiwa asiseme na huyu wa leo hasikiki.

Naona mwenyekiti kasimama kabisa, basi namalizia na ombi. Kwenye masanduku ya nyumba za mji huu kuna karatasi. Kuna barua za Burma zenye mhuri wa mkaguzi, kuna vitabu vya malipo vya KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari wa huku, kuna Mambo Leo zilizofungia vikombe, kuna picha ya kijana mwenye kombati ya 1979 na nyuma imeandikwa kalamu ya wino ambao unafutika. Msizichome mkihama. Msimpe muuza vitumbua. Zipigeni picha kwa simu hizo hizo, pande zote mbili, nyuma na mbele, andikeni nani ni nani wakati bado kuna bibi wa kuwaambia, halafu leteni nakala kwa walimu hawa wa historia. Anayeweza kufika Mlimani aingie pale maktaba ya Chuo Kikuu, sehemu ya East Africana, aombe magazeti ya zamani, yapo, tena aanze na ukurasa wa barua.

Maiki iko kule nyuma kwa yule kijana. Tuanze na mzee mwenye balaghashia nyeupe, maana tangu nilipotaja Lukaya anatingisha kichwa na sijui kama ni kwa kukubali au ananisubiri.